Masomo ya maandalizi: Kizingiti kisichoonekana kwa wanaotaka uzamili wa uchumi na biashara

KATIKA mji mdogo wa Kikima, ulio kwenye milima ya Mbooni katika kaunti ya Makueni, shahada ya kwanza si jambo geni tena. Katika shule za upili za eneo hilo, zahanati, afisi za serikali na vyama vya akiba na mikopo, wamo watu waliohitimu vyuo vikuu na ambao sasa wanatamani kupanda ngazi moja zaidi. Aghalabu macho yao huelekea kwenye uzamili wa usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA, au uzamili wa uchumi.

Sababu zao zinaeleweka. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, nafasi za kupanga bajeti, kusimamia mapato na kutathmini miradi zimesogea karibu na mashinani. Mwalimu anataka kuhamia katika mipango ya maendeleo, muuguzi anataka kusimamia hospitali, naye karani wa Sacco anataka kuwa meneja.

Hata hivyo, wengi wao hutambua wakiwa wamechelewa kwamba kuwa na shahada ya kwanza pekee hakutoshi. Baadhi hupokea barua za kukubaliwa zenye sharti kwamba wasome kwanza masomo kadhaa ya maandalizi. Wengine hukubaliwa bila sharti lolote, wakalipa karo, kisha katika muhula wa kwanza wakakutana na milinganyo na majedwali ya takwimu ambayo mhadhiri anachukulia kwamba kila mtu darasani anayafahamu.

Hasara yake si ndogo. Kwa kuwa karo ya uzamili kwa kawaida hutoka mfukoni mwa mwanafunzi au wa familia yake, muhula unaopotea ni mkopo wa Sacco unaoendelea kukatwa kwenye mshahara, au ng'ombe aliyeuzwa bila faida. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hasara hiyo ingeepukwa iwapo mhusika angechunguza mapema mambo machache kuhusu masomo aliyoyasoma na yale anayotarajiwa kuyajua.

Cheti ni kimoja, hati ya alama ni nyingine

Mtu anapotuma maombi ya uzamili, huwasilisha stakabadhi mbili muhimu. Ya kwanza ni cheti cha shahada, chenye jina la kozi na daraja alilopata. Ya pili ni hati ya alama, ambayo wengi huiita transkripti, yenye orodha ya masomo yote aliyoyasoma kwa miaka minne na alama ya kila mojawapo.

Cheti ndicho kinachoangaliwa kwanza. Vyuo vingi nchini huhitaji daraja la pili kitengo cha juu. Mwenye daraja la pili kitengo cha chini mara nyingi hutakiwa aongeze tajriba ya kazi ya miaka kadhaa au stashahada ya uzamili. Fauka ya hayo, shahada yenyewe sharti iwe imetoka katika chuo kinachotambuliwa. Nchini Kenya, jukumu la kuidhinisha vyuo vikuu na kozi zake lilikabidhiwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012.

Lakini cheti kikishapita, hati ya alama ndiyo inayoamua. Kamati ya usajili ya idara ya uchumi hutaka kujua kama mwombaji amesoma kalkulasi, kama amesoma takwimu, na kama nadharia ya uchumi aliyoisoma ilikuwa ya mwaka wa kwanza tu au ilifika mwaka wa tatu na wa nne. Watu wawili wanaweza kuwa na vyeti vinavyofanana kwa jina na daraja, ilhali mmoja wao anakubaliwa moja kwa moja na mwenzake anaambiwa asome kwanza masomo manne.

Chukua mfano wa walimu wawili wenye Shahada ya Elimu. Wa kwanza alisomea ufundishaji wa Hisabati na Biashara. Wa pili alisomea Jiografia na Biashara. Wote wawili ni walimu hodari, na wote wamesoma uhasibu na uchumi wa kiwango fulani. Hata hivyo, wa kwanza ana kalkulasi na aljebra katika hati yake, naye wa pili hana. Kwa MBA tofauti hiyo huenda isiwe na uzito mkubwa. Kwa uzamili wa uchumi, huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kukubaliwa na kukataliwa.

Biashara na uchumi si mlango mmoja

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba uzamili wa biashara na uzamili wa uchumi vina masharti yanayofanana kwa sababu hufundishwa katika vitivo vinavyokaribiana. Ukweli ni kwamba asili ya kozi hizi mbili ni tofauti.

MBA ilianzia Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuitoa mwaka wa 1908. Lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuwafunza uongozi wa biashara watu waliosomea fani nyingine. Ndiyo maana hadi leo MBA hupokea wahandisi, madaktari, walimu na wanasheria. Kwa wasio na msingi wa biashara, vyuo vingi huweka masomo ya kwanza ya kuwasawazisha wanafunzi: misingi ya uhasibu, uchumi kwa mameneja, takwimu za biashara, sheria ya biashara na kanuni za usimamizi. Aliyehitimu Shahada ya Biashara huweza kusamehewa baadhi ya masomo hayo, na kwa hivyo akamaliza mapema kuliko mwenzake.

Uzamili wa uchumi, kwa upande mwingine, huchukulia kwamba mwanafunzi tayari ni mchumi wa kiwango cha shahada ya kwanza. Mhadhiri haanzi na maana ya ugavi na mahitaji. Huanza mahali ambapo mwaka wa nne uliishia. Kati ya kozi hizi mbili kuna nyingine zilizo katikati, mathalani uzamili wa fedha au wa uhasibu, ambazo hutaka hesabu nyingi kuliko MBA ya kawaida.

Mfano mzuri wa jinsi uzamili wa uchumi ulivyojengwa katika kanda hii ni mpango wa pamoja ulioanzishwa mwaka wa 1993 na Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Afrika, unaojulikana kwa kifupi kama AERC, wenye makao yake Nairobi. Muungano huo uliundwa mwaka wa 1988, wakati ambapo vyuo vingi barani havikuwa na wahadhiri wa kutosha wa kufundisha uzamili kikamilifu. Vyuo kadhaa, vikiwemo vya Nairobi, Kenyatta, Makerere na Dar es Salaam, vilishiriki katika mpango huo. Wanafunzi walisoma masomo ya msingi katika vyuo vyao, kisha wakakusanyika Nairobi kwa masomo ya hiari.

Masomo hayo ya msingi yaliwekwa katika makundi matatu: uchumi wa ngazi ndogo, unaochunguza maamuzi ya kaya, wanunuzi na makampuni, uchumi wa ngazi ya taifa, unaochunguza mfumko wa bei, ajira, fedha na ukuaji, na mbinu za kihesabu, yaani hisabati, takwimu na ekonometriki. Kundi hili la tatu ndilo huwaangusha wengi, na pia ndilo linalohitaji maandalizi ya mapema zaidi.

Hisabati hiyo ni ya kazi gani?

Wapo wanaouliza kwa nini mtu anayetaka kuelewa umaskini au biashara alazimishwe kusoma kalkulasi. Jibu linaweza kupatikana sokoni.

Chukua mfano wa kubuni wa mchuuzi wa avokado katika soko la Kikima. Akiuza kila moja kwa Sh8, wateja hununua 120 kwa siku. Akiuza kwa Sh10, hununua 100. Akipandisha hadi Sh12, hununua 80. Mapato yake basi ni Sh960, Sh1,000 na Sh960 mtawalia. Bei inayomletea pesa nyingi zaidi mkononi ni Sh10.

Lakini iwapo yeye mwenyewe huzinunua kutoka kwa mkulima kwa Sh4 kila moja, hesabu hugeuka. Kwa bei ya Sh10 hubakia na faida ya Sh600. Kwa bei ya Sh12, ingawa mauzo yamepungua, faida yake ni Sh640. Akithubutu kupandisha hadi Sh14 na wateja wanunue 60 pekee, faida inarudi Sh600. Bei inayoleta mapato mengi zaidi, kwa hivyo, siyo bei inayoleta faida kubwa zaidi.

Mchuuzi hulijua hilo kwa kujaribu bei moja baada ya nyingine, siku baada ya siku. Mwenye kalkulasi huandika uhusiano wa bei na mauzo katika mlinganyo mmoja, kisha akatafuta mahali ambapo faida huacha kupanda kabla haijaanza kushuka. Jibu lake ni lile lile, Sh12, lakini amelipata kwa mstari mmoja. Bidhaa zikiwa mbili, tatu au ishirini, na bei ya moja ikiathiri mauzo ya nyingine, kujaribujaribu hakuwezekani tena. Hapo ndipo aljebra ya matriki, yaani hesabu ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja, inapohitajika.

Katika uzamili wa uchumi, karibu kila nadharia ya ngazi ndogo huandikwa kwa lugha hiyo. Asiyeijua hulazimika kujifunza lugha na kusoma kitabu kilichoandikwa kwa lugha hiyo hiyo kwa wakati mmoja, ndani ya muhula mmoja.

Takwimu na somo la vilima vya Ukambani

Umuhimu wa takwimu nao unadhihirika katika historia ya eneo lenyewe. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka wa 1992. Katika miaka ya 1930, maafisa wa kikoloni waliitazama ardhi ya Wakamba kama iliyokuwa ikielekea kuharibika kabisa kwa mmomonyoko wa udongo, na wengi waliamini kwamba watu wakiongezeka hali ingezidi kuwa mbaya.

Mwaka wa 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mambo hayakwenda hivyo. Idadi ya watu katika wilaya hiyo iliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka wa 1932 hadi takriban milioni 1.4 mwaka wa 1989. Hata hivyo, mmomonyoko ulipungua, matuta yalienea mashambani, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda badala ya kushuka.

Matokeo hayo yalizua mjadala mkubwa miongoni mwa wachumi. Je, ni wingi wa watu uliowasukuma wakulima kuitunza ardhi, kama alivyokuwa amedokeza mwanauchumi Ester Boserup katika kitabu chake cha mwaka wa 1965? Au ni ukaribu wa soko la Nairobi? Au ni pesa zilizotumwa nyumbani na waliofanya kazi mijini? Au ni kahawa? Mambo haya yote yalitokea katika kipindi kimoja, na macho matupu hayawezi kuyatenganisha.

Kutenganisha sababu zilizofungamana namna hiyo ndiyo kazi ya ekonometriki. Ili kuifikia, mwanafunzi anahitaji kwanza kufahamu uwezekano, wastani na mtawanyiko, upimaji wa dhana na rigresheni, yaani mbinu ya kupima jinsi jambo moja linavyobadilika pamoja na mengine. Bila misingi hiyo, anaweza kubonyeza vitufe vya programu ya kompyuta na kupata majedwali, lakini asiweze kueleza yanasema nini. Atakapofika mbele ya jopo la kutahini tasnifu yake, udhaifu huo hujitokeza katika swali la kwanza.

Utafiti mwingine uliofanyika nchini unaeleza jambo hilo hilo. Michael Kremer, aliyetuzwa Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alianza majaribio yake katika shule za magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990. Swali lilikuwa jepesi kusema: je, vitabu vya kiada vinawasaidia wanafunzi kupata alama bora? Kulijibu kwa uhakika kulihitaji kuchagua shule kwa bahati nasibu na kulinganisha matokeo kwa kanuni za takwimu.

Wanaotazama ng'ambo

Kwa wanaotaka kusomea nje ya nchi, masharti ya maandalizi huwa wazi zaidi lakini hutofautiana kwa kila nchi.

Katika vyuo vingi vya Ulaya, masomo hupimwa kwa mfumo wa pamoja wa kredi, ambapo mwaka mmoja wa masomo ni kredi 60 na kila kredi ni takriban saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Vyuo vingi vya Ujerumani hutaja bayana idadi ya kredi za uchumi, hisabati na takwimu ambazo mwombaji lazima awe nazo. Asiyezifikisha hukataliwa hata kama daraja lake ni la kwanza. Ndiyo sababu mwombaji huombwa maelezo ya kila somo: yalifundishwa nini, kwa saa ngapi na kwa vitabu gani.

Nchini Uingereza, baadhi ya vyuo hutoa stashahada ya mwaka mmoja kwa watu waliosomea fani nyingine wanaotaka kuingia katika uchumi. Hata kwa waliosomea uchumi, Chuo cha Uchumi na Siasa cha London, LSE, huwa na kozi ya hisabati na takwimu mwezi wa Septemba kabla ya mwaka wa uzamili wa uchumi kuanza. Nchini Afrika Kusini, kati ya shahada ya kwanza ya miaka mitatu na uzamili kuna mwaka wa ziada unaotambuliwa kama shahada ya heshima, na humo ndimo maandalizi mengi hufanyika.

Aidha, vyuo vingi hutaka mtihani wa GMAT kwa biashara au GRE kwa uchumi. Tangu mwaka wa 2023 mitihani yote miwili imefupishwa. GMAT sasa ina sehemu tatu: hesabu, lugha, na uchanganuzi wa data, na hutolewa alama kati ya 205 na 805. Matokeo yake hudumu kwa miaka mitano. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba alama nzuri katika mitihani hiyo haichukui nafasi ya masomo yanayokosekana. Hesabu za GMAT ni za kiwango cha shule ya upili, wala hazigusi kalkulasi.

Njia za kuziba pengo

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa aliyegundua pengo katika hati yake, njia kadhaa zipo.

Ya kwanza ni kusoma masomo yanayokosekana katika chuo kikuu kilicho karibu, iwapo idara itakubali kumsajili kwa somo moja moja. Wakazi wa Ukambani wana nafuu katika jambo hili kuliko zamani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao yake makuu Kwa Vonza katika kaunti ya Kitui, kilipata hati ya kuwa chuo kamili mwaka wa 2013, nacho Chuo Kikuu cha Machakos mwaka wa 2016. Kwa wasioweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati yake mwaka wa 2023 na kuwekwa katika mji wa teknolojia wa Konza, hufundisha kwa njia ya mtandao.

Njia ya pili ni stashahada ya uzamili. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekewa sheria mwaka wa 2014, stashahada hii iko katika ngazi ya nane, kati ya shahada ya kwanza iliyo ya saba na uzamili ulio wa tisa. Humfaa zaidi aliye na daraja la chini, kwa kuwa humpa nafasi ya kuonyesha uwezo wake upya.

Ya tatu, kwa wanaoelekea biashara, ni mitihani ya kitaaluma ya KASNEB, hasa ile ya uhasibu, CPA. Mitihani hiyo hugusa uhasibu, uchumi, sheria na hesabu za biashara, na vyuo kadhaa huitambua wakati wa kupima maombi ya MBA. Faida yake nyingine ni kwamba hata mtu asipoendelea na uzamili, ana sifa inayomsaidia kazini.

Ya nne ni kujisomea. Taasisi ya MIT ya Marekani ilianza kuweka masomo yake bure kwenye intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakiwemo ya kalkulasi, uwezekano na uchumi. Taasisi hiyo pia ina mpango wa masomo ya uchumi wa maendeleo na data kwa mtandao, ulioanza mwaka wa 2017, ambapo ada ya mtihani hutegemea kipato cha mwanafunzi. Wanaofaulu wanaweza kuomba kujiunga na uzamili wa MIT wenyewe, na masomo waliyopita yakahesabiwa. Vitabu navyo havijapitwa na wakati: cha Alpha Chiang kuhusu hisabati ya uchumi na cha Damodar Gujarati kuhusu ekonometriki bado vinatumika sana katika maktaba za vyuo vya kanda hii.

Tahadhari moja ni muhimu. Kujisomea humwandaa mtu kwa darasa, lakini si lazima kumridhishe msajili. Cheti cha kozi ya mtandao hukubaliwa na baadhi ya vyuo na kukataliwa na vingine. Anayekitegemea anapaswa kuuliza kabla ya kuanza, na apate jibu kwa maandishi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Barua ya kukubaliwa kwa sharti la masomo ya maandalizi haipasi kuchukuliwa kama aibu. Kwa kweli, chuo kinachotaja pengo mapema kinamtendea mwanafunzi haki kuliko kile kinachopokea karo na kumwacha aanguke. Hata hivyo, kabla ya kulipa, mwombaji ana haki ya kujua mambo kadhaa.

Kwanza, masomo hayo ni mangapi na yatachukua muda gani? Masomo manne kwa anayesoma jioni au wikendi yanaweza kuwa miezi minane au zaidi. Pili, karo yake ni sehemu ya karo ya uzamili au ni ya ziada? Mara nyingi ni ya ziada, na masomo hayo hayahesabiwi katika shahada. Tatu, alama ya kupita ni ipi, na nini hutokea mtu akianguka? Nne, yanaweza kusomwa sambamba na uzamili, au ni lazima yamalizwe kwanza? Tano, je, kuna masomo ambayo anaweza kusamehewa kwa kuwa aliyasoma awali kwa jina jingine?

Swali hilo la mwisho huokoa pesa nyingi. Somo lililoitwa "Mbinu za Upimaji" katika shahada ya elimu linaweza kuwa na nusu ya takwimu zinazotakiwa. Lakini kamati ya usajili haiwezi kulijua hilo kwa kusoma jina pekee. Mwombaji aliyehifadhi silabasi ya kila somo, au aliyeiomba kutoka idara yake ya zamani, ana ushahidi wa kuonyesha. Asiye nayo hulazimika kurudia alichokwisha kukisoma.

Kwa jumla, anayetaka kuanza uzamili mwezi wa Septemba anashauriwa kuichukua hati yake ya alama angalau mwaka mmoja kabla, aiweke kando ya orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza wa kozi anayoitamani, na aweke alama kwenye kila somo lisilo na mtangulizi. Akiweza kutatua maswali ya sura za mwanzo za kitabu cha hisabati ya uchumi bila msaada, yuko tayari. Asipoweza, ana mwaka mzima wa kujirekebisha kwa gharama ndogo.

Mbegu hupandwa shuleni

Suala hili halianzi chuoni. Kwa miaka mingi, kozi za uchumi na biashara katika vyuo vikuu vya umma zimekuwa zikidai alama nzuri ya hisabati katika mtihani wa KCSE. Sasa mfumo mpya wa umilisi umefika shule za upili: wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 walianza masomo Januari 2026, wakiwa wamegawanywa katika mikondo mitatu ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo.

Mwaka wa 2025, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itaendelea kuwa ya lazima, lakini kwa sura mbili: ile kamili kwa mkondo wa sayansi, na nyingine nyepesi zaidi kwa mikondo mingine. Somo la biashara limo katika mkondo wa sayansi za jamii. Mzazi wa Mbooni ambaye mwanawe anapenda biashara na anaota kuwa mchumi anapaswa kuuliza mapema ni hisabati ipi atakayosomeshwa, na kama shule inamruhusu kuchukua ile kamili. Uamuzi unaofanywa na kijana wa miaka 15 unaweza kuja kumgharimu muhula mzima wa masomo ya maandalizi akiwa na miaka 30, tena akiwa na watoto wa kulisha.

Kwa walio watu wazima tayari, mlango haujafungwa. Mwalimu wa Jiografia anaweza kuwa mchumi, na muuguzi anaweza kuongoza hospitali. Kinachohitajika ni kuhesabu ngazi zilizobaki kabla ya kuanza kupanda, na kuzilipia moja baada ya nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika safari hii, kuinama huanza kwa kuisoma upya hati ya alama iliyowekwa kabatini tangu siku ya mahafali.